Ndege ya Alhamisi

Kibomet, Kitale
9 Novemba 1989

Mjomba Mukhisa,

Mulembe kwako na kwa nyumba yote. Natumaini cherehani yako imepona ule ugonjwa wa kukata uzi, na kwamba mvua imewaachia nafasi ya kuanika mahindi. Mimi niko na afya. Nakula, nalala.

Umeona stempu. Najua uliitazama kabla ya kufungua bahasha, ukavua miwani, ukaipangusa kwa shati, ukaitazama tena. Ndiyo, mjomba, ni ya Kitale. Bombay sikufika, wala chuo chake sikukiona. Pale uwanja wa ndege Nairobi karatasi zangu zilipatikana na kasoro ndogo, na kwa watu wa ndege hakuna kasoro ndogo. Nikarudi mjini, na basi la kwanza nililolikuta likiita abiria lilikuwa la Kitale. Nikaingia.

Nimepanga chumba hapa Kibomet kwa mama mmoja anaitwa Chelimo, na nashona magunia kwenye stoo ya mahindi. Sindano yake ni ndefu kuliko kidole na uzi ni wa katani. Usiseme tena kwamba sikurithi kitu kwako.

Nakuomba jambo moja. Mama hajui kusoma, na kila barua yake inapitia dukani kwako. Msomee kwamba nimefika salama. Mwambie kuna joto. Kabla ya Pasaka nitakuwa nimerekebisha mambo, nitasafiri kweli, na hapo hautakuwa uongo tena. Utakuwa ukweli uliochelewa.

Mpwa wako,
Timothy Khaemba


Kamukuywa
21 Novemba 1989

Mpwa wangu Khaemba,

Huku tunaendelea. Ng'ombe wa mama yako amezaa ndama dume, na mama yako amempa jina Bombay. Dada yako Nasambu amerudi chuo cha ualimu akiwa na viatu vipya. Pasta anakuombea kila Jumapili akiwa ameinua uso, utadhani unaishi juu ya mabati ya kanisa.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta kiti. Mtu akitoroka, Khaemba, hutoroka mpaka Mombasa, au huvuka mpaka wa nchi. Wewe umetoroka ukaishia pale mimi huenda kununua vifungo! Malori ya mahindi ya huko hupita mbele ya duka langu kutwa nzima. Madereva wengine husimama hapa kununua ndizi.

Sasa nikueleze mzigo ulionipa. Tulipokusindikiza Bungoma ukapanda basi la usiku, kesho yake ilikuwa Alhamisi, na watu wote wa kwenu Kabuchai walikuja kuniuliza mimi, kwa kuwa ni mimi mwenye atlasi. Nilikuwa nimeshapima kwa futi yangu ya ushonaji. Nikawaambia: ndege ikitoka Nairobi saa nne kasorobo asubuhi, saa nne na nusu itakuwa juu yetu. Kwaya, wazee, wanafunzi, wote wakatoka mpaka kiwanja cha shule. Na ikatokea! Kadogo, nyeupe, inavuta uzi wake angani kuelekea Mlima Elgon. Mama yako alivua leso begani akapunga mpaka nikaogopa mkono utang'oka.

Mzee Wekoye akauliza, "Sasa huyu kijana ataonaje sisi kutoka kule?"

Mama yako akamjibu, "Wewe nyamaza bana. Si wewe anatafuta."

Mimi nilipewa mkono na watu wazima, kana kwamba ndege niliishona mwenyewe.

Basi nimemsomea kwamba umefika, na kwamba kuna joto. Nimeongeza tembo wanaotembea barabarani huko, barua ilikuwa fupi. Alipenda tembo. Lakini jua kwamba tangu siku hiyo kila Alhamisi anatoka na leso. Rekebisha hizo karatasi haraka. Nimeshona viraka vingi maishani, na hiki umenipa nikishone kwenye goti.

Mjomba wako,
Mukhisa


Kibomet, Kitale
18 Februari 1990

Mjomba,

Salamu baada ya kimya. Nilisikia kwa dereva mmoja kwamba huko jua limekuwa kali na mto umeshuka. Huku pia kuna vumbi, na nimekohoa wiki mbili kwa sababu ya makapi ya mahindi, lakini sasa nafuu. Chelimo alinichemshia majani fulani machungu kama deni (usimsomee mama hii ya kukohoa).

Kuhusu karatasi, bado zinashughulikiwa.

Nikwambie kitu. Ndege hiyo inapita huku pia. Alhamisi, saa nne na nusu, kama ulivyosema. Wenzangu hawainui hata kichwa. Mimi nikiisikia naacha sindano kwenye gunia, naingia chini ya paa la stoo mpaka iishe. Najua hakuna mtu ndani yake anayenitazama. Najua mama yuko Kabuchai, anatazama juu, siyo huku. Lakini miguu inaingia yenyewe. Wiki iliyopita Chelimo alileta uji pale stoo, akanikuta nimejibanza nyuma ya magunia.

"Wewe kijana, ati kila Alhamisi unakuwa mgonjwa?"

Nikamwambia ni jua.

"Jua gani, na kuna mawingu?"

Mjomba, usiongeze tembo tena. Siku moja nitaulizwa juu yake.

Mpwa wako,
Khaemba


Kamukuywa
27 Mei 1990

Mpwa wangu,

Mulembe. Mahindi yamefika kiunoni. Ndama Bombay ameachishwa kunyonya na ana kiburi. Mimi nimepata kazi ya sare za kwaya, arobaini, na hakuna mwimbaji hata mmoja anayekubali kipimo chake cha tumbo.

Kuna jambo limeharibika, na nililiharibu mwenyewe. Mama yako alikuja dukani siku ya soko akakaa pale kwenye mfuko wa vitambaa. Akaniuliza, "Mukhisa, ndege kutoka huku mpaka huko Bombay inachukua muda gani?"

Ningesema siku tatu, angekubali. Lakini unanijua. Mtu akiniuliza swali la atlasi siwezi kujizuia. Nikavuta futi, nikapima, nikasema kwa sauti, mbele ya wateja, "Masaa sita. Yakizidi sana, saba."

Halafu akauliza, "Na basi kutoka Bungoma mpaka Nairobi?"

"Nane. Tisa kama kuna pancha."

"Kwa hivyo Bombay ni karibu kuliko Nairobi."

Nikajaribu kumweleza mambo ya bahari. Akasema, "Sitaki bahari, nimeuliza masaa. Watoto wa watu wako Nairobi na wanakuja Krismasi. Wangu ako hapa karibu, masaa sita, na haji. Nimemkosea nini?"

Nilikunja futi. Wewe uko lisaa limoja kutoka hapa nilipokaa, na mama yako anahesabu masaa ya Bombay na kuona haya kwa niaba yako.

Sasa sikia. Nasambu anaolewa Desemba akimaliza chuo. Baba yako hayupo, na ndugu ni wewe peke yako. Ni wewe wa kumshika mkono dada yako atoke nyumbani, na mama yako amesema wazi kwamba hataki binamu, hataki jirani. Anakungoja wewe, na amekwisha kutangaza kanisani.

Na sasa nikuulize, bila kuzunguka. Hizo karatasi zilikuwa na kasoro gani? Nilizishika kwa mkono wangu. Nilisoma mpaka mihuri. Walikuuliza nini hasa pale uwanjani?

Mjomba wako,
Mukhisa


Kitale
15 Julai 1990

Mjomba,

Hamjambo nyote.

Unaniuliza karatasi zangu kama karani wa mahakama. Basi na mimi nikuulize ya atlasi. Bombay iko mashariki. Ndege yake ikitoka Nairobi inaelekea Mombasa, inaingia baharini. Haiwezi kupita Kabuchai hata rubani akiwa mlevi. Ile mliyoitolea kwaya ilikuwa inaenda Ulaya. Mama amekuwa akiwapungia watu wasiomjua tangu mwaka jana, kwa sababu yako, na mimi nimenyamaza nisikuaibishe.

Kwa hivyo tuachiane.

Khaemba


Kamukuywa
14 Oktoba 1990

Khaemba,

Huku ni wazima. Mavuno yametosha. Nilikuwa na mafua.

Hapana. Mafua ya miezi mitatu hayapo, hata wewe utajua. Barua yako niliipata tarehe ishirini na moja Julai, nikafunga duka saa tano asubuhi, nikaenda nyumbani na atlasi chini ya koti kama kuku wa wizi. Nikaitazama upya. Ile yangu, kama unavyokumbuka, Afrika iko ukurasa wake na Asia iko ukurasa wake. Pale kwenye ukurasa wa Asia nilikuwa nimeiona India imekaa, na juu yake milima. Nikasema moyoni, upande wa milima. Na mlima wetu sisi uko wapi? Ndipo nikawageuza watu mia mbili wakatazama Elgon.

Sikusoma darasa la tano. Vitu vyote ninavyojua nimeviokota njiani, na ninavitangaza kwa nguvu ili mtu asiulize nimevitoa wapi. Sasa nimekuambia, na tusirudie.

Mama yako bado anatoka Alhamisi. Nimejaribu kumwambia ratiba imebadilika. Akasema ndege yenyewe haijaambiwa, kwa sababu inapita.

Bado sijajibiwa swali langu la Mei.

Mukhisa


Kibomet, Kitale
11 Novemba 1990

Mjomba wangu,

Mulembe. Pole kwa mafua. Nimeandika barua hii mara nne, na Chelimo amewashia jiko tatu za kwanza.

Maneno yale ya Julai niliyaandika ili usiniulize tena. Nisamehe. Sikuwa na kitu kingine cha kukurushia.

Karatasi zilikuwa sawa, mjomba. Muhuri ulikuwa sawa, pasi sawa, tiketi sawa. Yule dada wa kaunta alinitabasamia. Nilivuka mlango wa kwanza, nikavuka wa pili, nikafika kwenye chumba chenye vioo, na ndege ilikuwa pale nje. Sikuwa nimewahi kuiona ikiwa chini. Juu ni kadogo kama ulivyosema. Chini ni jumba, na tumbo lake linaning'inia kwenye magurudumu ambayo hata trekta ingekataa. Nikaona watu wanapanda ngazi, mama na watoto, mzee mmoja na bakora. Nikajiambia, na wewe simama.

Sikusimama. Magoti yalikataa. Nikiangalia suruali niliona inatetemeka, ile suruali uliyonishonea. Wakaita kwenye spika, "Abiria Timothy Khaemba." Jina langu, chumba kizima. Wakaita tena. Mara ya tatu walisema ni mwisho, na jamaa aliyekaa kando yangu akanigeukia akasema, "Huyu Khaemba ni nani anachelewesha watu?" Nikamwambia simjui.

Sasa umejua. Mwaka wa sabini na nane ni wewe uliyenichinjia ng'ombe na kunivika nyama yake shingoni, kama ilivyo desturi, na kesho yake nikatoka mtoni na matope mwilini, nikasimama mbele ya kisu cha tohara na watu wote wanatazama, nikiwa na miaka kumi na tatu. Sikupepesa jicho. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikapotea. Mtu huyo ndiye aliyeshindwa na ngazi. Ningesema ni wakala mwongo, au ni serikali, watu wangenihurumia. Lakini mwanamume aliyetahiriwa mchana, kwetu, arudi aseme aliogopa kiti cha ndege?

Nimeona ni heri mama afikiri nimemsahau kuliko ajue hiyo.

Khaemba


Kamukuywa
3 Desemba 1990

Mpwa wangu,

Salamu za nyumbani zote utazipata mwenyewe, kwa hivyo sitaziandika.

Barua yako nimeisoma mara moja, ikatosha. Sikucheka. Nilitaka kucheka kwa ile bakora ya mzee, lakini sikucheka.

Harusi ni Jumamosi tarehe ishirini na mbili, Kabuchai, nyumbani kwenu. Gauni la Nasambu nalishona mimi, kitambaa kimetoka Eldoret na kinateleza kama samaki. Baada ya maombi, msema chochote ataita ndugu ya bibi harusi. Jina lako litaitwa, Khaemba, kwa kipaza sauti, mbele ya kila mtu, kama lilivyoitwa pale Nairobi. Sijamtafuta mtu wa kusimama mahali pako, na sitamtafuta.

Hakuna ngazi. Panda lori lolote la mahindi, sema nishushe Kamukuywa, halafu tembea. Ukifika, sema kweli. Watu watakucheka mpaka mwaka mpya, halafu atatokea mwingine wa kuchekwa. Mtu mzima jina lake likiitwa husimama, hayo mengine yatajipanga. Mimi nitakuwa mstari wa mbele na koti langu la kahawia. Ukinitazama mimi, hutaanguka.

Mjomba wako,
Mukhisa


Kabuchai, nyumbani
6 Januari 1991

Mjomba Mukhisa,

Mulembe. Umeona barua hii haina stempu. Imeletwa na yule mama muuza maziwa, mwanawe ni Khaemba kama mimi, usimfiche chai.

Nasambu anakusalimu kutoka kwao kupya. Mama anakusalimu. Ndama Bombay anakusalimu. Siku hizi hapa nyumbani tuko wawili wenye jina hilo, na mwenzangu ana pembe.

Nilikuja. Nilishuka mbele ya duka lako saa mbili asubuhi, nikalikuta limefungwa, nikafurahi, nikajua umetangulia. Nikatembea. Watu waliponiona njiani walianza kuimba. Sikuwa na nguvu ya kuwanyamazisha, kwa hivyo niliingia nyumbani kwa nyimbo, nina vumbi la stoo kwenye nywele. Mama alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Umekonda. Hawa watu wa India hawapiki?"

Basi jina likaitwa. "Ndugu ya bibi harusi, moja kwa moja kutoka ng'ambo!" Nikakutafuta mstari wa mbele. Koti la kahawia halikuwepo. Gauni la Nasambu lilikuwa limefika kwa baiskeli asubuhi, limekunjwa vizuri, bila wewe. Nilisimama peke yangu, mjomba. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Nimetoka Kibomet."

Mzee Wekoye akauliza, "Kibomet ya huko India?"

Nikasema hapana, ya Kitale. Nikaeleza yote, spika, ngazi, magoti. Sikusingizia karatasi. Bakoki zangu, wale tuliotahiriwa pamoja, waliangalia chini, na hiyo ilinichoma kuliko kicheko. Mama alikuwa amekaa na leso ile ile. Akauliza, hakutumia hata kipaza sauti, "Sasa mimi nilikuwa napungia nani?"

"Watu wa Ulaya, mama. Ndege ni ya Ulaya."

Akaikunja leso. "Basi wamesalimiwa vizuri."

Hapo watu walicheka, mjomba, walicheka mpaka hema likatikisika, na nikacheka na mimi huku machozi yananitoka na sijui ni ya nini. Mama hakucheka. Hakunisemesha siku tatu. Alinipakulia chakula, akakiweka chini, akaenda. Siku ya nne alinipa jembe na kunionyesha shamba la chini. Bado anaona haya kanisani, hukaa nyuma. Siwezi kukudanganya kwamba imeisha.

Lakini sikuandika kwa ajili yangu. Msema chochote alipoona mambo yamechafuka, akaruka haraka kwa jambo lingine. Ng'ombe wa mjomba alikuwa amekwisha kuletwa na wakwe, amefungwa pale kwenye mparachichi, na ni desturi mjomba amfungue mwenyewe. Akaita, "Mjomba wa bibi harusi, Mzee Mukhisa!" Watu wakageuka. Akaita tena. Mama akasimama kuangalia barabarani. Aliita mara ya tatu, na Wekoye akasema, "Labda ameenda Bombay."

Wote walicheka tena. Mimi sikuweza. Nakijua kile kimya kinachofuata jina likiitwa mara ya tatu. Nilijua uko nyuma ya mlango wa duka, umekaa, koti umevaa, viatu umefunga, na magoti yamekataa. Kwa sababu ya tembo, na ya ukurasa wa Asia, na ya barua zote ulizomsomea mama kwa maneno yasiyokuwamo. Wewe ndiye uliyeniambia mtu husimama. Nami nilisimama, na uliyekuwa unaniambia hukuwepo.

Sikuandikii kukushtaki. Nilikwambia uongo mwaka mzima, ukaubeba. Nataka tu ujue kwamba aibu hii ina nafasi ya watu wawili, na mmoja ameshazoea kidogo.

Ng'ombe wako bado amefungwa hapa. Nilitaka kukuletea, mama akakataa. "Miguu iliyomweka huko ndiyo itamleta."

Halafu jana alitoa leso akaifua. Nikamwambia, mama, Alhamisi hakuna haja tena, ile ndege si yetu.

Akasema, "Nani amesema ndege?"

Alhamisi saa nne na nusu atakuwa kiwanja cha shule, amegeuzia mlima mgongo, anatazama barabara ya Kamukuywa. Anasema safari hii amepima mwenyewe, na ni mwendo wa asubuhi moja tu.

Mpwa wako,
Bombay